Edgar F. Codd

Edgar Frank Codd (19 Agosti 1923 – 18 Aprili 2003) alikuwa mwanasayansi wa kompyuta kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa kubuni modeli ya kimahusiano ya hifadhidata, ambayo ni msingi wa lugha ya SQL.

Maisha

Alizaliwa katika kisiwa cha Portland, kusini mwa Uingereza, akiwa mdogo kabisa kati ya watoto saba. Alisoma hisabati na kemia huko Oxford. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa rubani. Mwaka 1948 alihamia New York akaajiriwa na IBM. Mwaka 1953 aliondoka kwenda Kanada kwa kuchukizwa na kampeni za seneta Joseph McCarthy, akarudi Marekani baadaye na kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1965.

Modeli ya kimahusiano

Kabla yake, programu ililazimika kufuata njia zilizopangwa mapema ili kufikia data. Katika makala ya mwaka 1970 Codd alipendekeza data ziwekwe katika majedwali yanayounganishwa kwa thamani zinazofanana.

Katika makala hiyohiyo alionya juu ya mtego wa kuunganisha. Muuzaji anauza kipuri fulani, na kipuri hicho kinatumika katika mradi fulani. Hata hivyo haifuati kwamba muuzaji huyo anauhudumia mradi huo, kwani kipuri kilekile huweza kutoka kwa mwingine. Ndiyo hatari ya uhusiano wa wengi kwa wengi.

Uhusiano wa mmoja kwa wengi nao hupotosha ripoti. Kwa mfano, sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,370,637 katika Mkoa wa Singida, uliokuwa na wilaya 6: Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni, Singida Vijijini na Singida Mjini. Jedwali la mikoa lenye idadi hiyo likiunganishwa na jedwali la wilaya, idadi ya mkoa mzima hurudiwa katika mstari wa kila wilaya. Anayejumlisha mistari hiyo hupata watu 8,223,822, na kompyuta haitoi onyo lolote, kwa sababu imejumlisha kama ilivyoagizwa. Dawa yake ni kuandika idadi ya kila wilaya katika mstari wake, au kujumlisha kabla ya kuunganisha.

Mapokezi

IBM, iliyokuwa ikipata fedha nyingi kutokana na mfumo wake wa zamani, IMS, haikuwa na haraka. Kampuni ambayo baadaye iliitwa Oracle iliitangulia sokoni mwaka 1979. Codd alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1981, na mwaka 1985 alitoa kanuni zake maarufu 12, ambazo kwa kweli ni 13, kwa kuwa zinaanzia sifuri.

Mwaka 1993 aliandika, pamoja na wenzake, kuhusu uchambuzi wa data kwa ajili ya ripoti za biashara, yaani OLAP. Andiko hilo lililaumiwa kwa sababu lilifadhiliwa na Arbor Software, iliyouza programu za aina hiyo.

Alifariki nyumbani kwake Williams Island, Florida, akiwa na umri wa miaka 79.