Hugh Trowell, tabibu wa Mulago aliyeuona ujio wa kisukari

Dakta Hugh Carey Trowell, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1904, aliwasili Kenya mwaka 1929 akiwa tabibu wa serikali ya kikoloni. Enzi hizo wodi zilijaa wagonjwa wa malaria, minyoo na utapiamlo. Kisukari na shinikizo la damu vilikuwa nadra mno kwa Waafrika, na kwa tabibu kijana aliyetoka kusoma London, kukosekana kwa maradhi hayo kulikuwa jambo la kustaajabisha.

Mwaka 1935 alihamia Uganda, akafanya kazi katika Hospitali ya Mulago na kufundisha udaktari Makerere. Mkewe, Margaret, ndiye aliyeanzisha mafunzo ya sanaa chuoni hapo. Trowell alijulikana kwanza kwa uchunguzi wake wa kwashakoo, ugonjwa unaovimbisha miili ya watoto wanaokosa lishe bora. Kitabu alichokiandika na wenzake wawili kuhusu ugonjwa huo kilitoka mwaka 1954.

Hata hivyo, hakuacha kuyahesabu maradhi yasiyoambukizwa. Mwaka 1956 alishiriki kuandika taarifa ya kitabibu kuhusu Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja tu alitosha kuwa habari. Baada ya kuondoka Uganda na kuwa kasisi wa Kianglikana huko Uingereza, alichapisha mwaka 1960 kitabu kilichokusanya yale aliyoyaona kwa takriban miaka 30.

Aliporejea Afrika Mashariki mwaka 1970, alikuta miji imebadilika. Watu wanene walikuwa wengi, na kliniki za kisukari zilikuwa na wagonjwa tele. Pamoja na Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyewahi kufanya naye kazi Mulago, alitafuta sababu katika chakula. Mwaka 1975 alitoa hoja kwamba wanga uliokobolewa, ulioondolewa nyuzinyuzi zake, ulichangia kuenea kwa kisukari. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba unene, kutofanya kazi za mwili na urithi navyo vina nafasi kubwa. Aidha, kisukari cha aina ya kwanza, ambacho huhitaji insulini, hakitokani na ulaji. Lakini wito wake wa kula nafaka zisizokobolewa, maharage na mboga ungali sehemu ya ushauri wa madaktari.

Maisha ya Trowell yana uzito kwa watu wa Kasese. Katika kijiji cha wavuvi na wafugaji cha Hamukungu, kando ya Ziwa George, kama ilivyo Bwera mpakani mwa Kongo, soda, sukari na mkate mweupe sasa vimo madukani. Ugonjwa uliokuwa nadra wakati wa Trowell leo unajulikana nchini kote, na madhara yake huishia mara nyingi katika mishipa ya fahamu.

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, huharibu neva pamoja na mishipa midogo ya damu inayozilisha. Miguu huanza kuchoma au kuwa na ganzi. Mvuvi akanyagaye mfupa wa samaki pasipo kuhisi huenda asilijue jeraha mpaka lioze, na wengine hukatwa mguu. Kisukari pia huongeza hatari ya kiharusi na ya kupungukiwa na akili uzeeni. Sukari ikishuka kupita kiasi, hasa kwa atumiaye insulini na kukosa mlo, mtu huweza kuchanganyikiwa, kutetemeka au kuzimia. Hapo huhitaji kitu kitamu mara moja iwapo anaweza kumeza, na asiyeweza apelekwe hospitali bila kukawia.

Mengi ya madhara hayo huzuilika au huchelewa. Mgonjwa apime sukari na shinikizo la damu, asiache dawa kwa kujihisi mzima, atembee kila siku, avae viatu na aikague miguu yake kila jioni. Ganzi isichukuliwe kuwa uchovu wa kazi.

Trowell alifariki dunia mwaka 1989. Aliyoyaandika yanathibitisha kwamba kisukari hakikuwa sehemu ya kawaida ya maisha ya wazee wa Afrika Mashariki. Kilikuja, na aliishi muda wa kutosha kushuhudia kikija.