Alfred Wilm na Alumini Iliyopata Nguvu

Alfred Wilm alizaliwa mwaka wa 1869 huko Silesia, iliyokuwa wakati ule sehemu ya Ujerumani. Alipokuwa mtu mzima alishika kazi ya kuchunguza madini, akawekwa katika nyumba ya uchunguzi huko Neubabelsberg, karibu na mji wa Berlin.

Siku zile maganda ya risasi yalifanywa kwa shaba iliyochanganywa na zinki, nayo ni mazito. Wilm akatakiwa atafute njia ya kuyafanya kwa alumini, madini mepesi yale yafanyiwayo sufuria. Lakini alumini peke yake ni laini mno. Basi Wilm akawakumbuka wahunzi, ambao hukitia chuma cha pua motoni na kukichovya majini ili kiwe kigumu. Akaichanganya alumini na shaba kidogo, na magnesiamu kidogo zaidi, akaifanyia vivyo hivyo.

Husimuliwa ya kuwa mwaka wa 1906, siku ya Jumamosi, kipande kimoja kilitolewa motoni, kikachovywa majini, kikapimwa. Ugumu wake ulikuwa haba. Kazi ikaachwa hata Jumatatu. Kilipopimwa tena, kilionekana kigumu kuliko kwanza, wala hakuna aliyekigusa. Mtu mwingine angalidhani kwamba chombo cha kupimia kimeharibika, akakitupa kipande kile. Wilm alirudia kazi yake mara nyingi, akapima siku kwa siku. Akaona ya kuwa ugumu huongezeka upesi mwanzoni, kisha polepole, na baada ya siku chache karibu hauongezeki tena.

Sababu yake ni nini? Alumini ikiwa moto sana, chembe za shaba huenea ndani yake kama chumvi katika maji, ingawa alumini yenyewe haijayeyuka. Ikichovywa ghafula, shaba hushikwa humo kabla haijapata kujitenga. Kisha chembe zile, ndogo zisizoonekana kwa macho, huanza kusafiri hatua kwa hatua ndani ya kipande kigumu, zikakusanyika mafungu mafungu. Mafungu hayo huyazuia matabaka ya madini yasiteleze, na huo ndio ugumu. Wala fungu haliwezi kukua upesi kuliko shaba inavyolifikia. Kwanza hupata shaba iliyo jirani; hiyo ikiisha, hungoja ile itokayo mbali, na kukua kwake hupungua. Madini yakitiwa moto tena, chembe husafiri upesi zaidi. Lakini moto ukizidi, mafungu huwa makubwa na machache, na madini hulegea.

Wilm hakuyajua hayo yote. Alijua tu kwamba madini yake yahitaji kungojwa. Mwaka wa 1909 aliomba hati ya kuulinda uvumbuzi wake, na kiwanda cha mji wa Düren kikaanza kuyafanya madini hayo, yakaitwa Duralumin. Katika vita vya mwaka wa 1914 hata 1918 yalitumiwa kufanyia mifupa ya merikebu kubwa za hewani, na baadaye ndege nyingi zikaundwa kwayo.

Mwaka wa 1919 Wilm aliiacha kazi ya madini, akawa mkulima. Mwaka ule ule wataalamu wa Marekani walitangaza ya kuwa ugumu ule watokana na vipande vidogo sana vinavyojitenga ndani ya madini. Wilm alikufa mwaka wa 1937. Mwaka uliofuata, Guinier wa Ufaransa na Preston wa Uingereza, kila mmoja peke yake, waliona alama za mafungu yale kwa miali ya eksirei.

Hivyo Wilm hakuishi hata kuyaona yaliyokuwa yakitendeka ndani ya kipande chake. Lakini alikipima tena siku ya Jumatatu, akaliamini jambo aliloliona, ingawa hakuweza kulieleza. Na kwa sababu hiyo wengine waliweza kulieleza baada yake.