Mtakatifu Augustino wa Hippo: Uovu Watoka Wapi?

Kila mwaka tarehe 28 Agosti Kanisa letu humkumbuka Augustino, Askofu wa Hippo. Swali lililomsumbua ndilo linalotusumbua sisi pia, hasa tunaporudi kutoka makaburini: ikiwa Mungu ni mwema, na vyote vimo mkononi mwake, uovu umetoka wapi?

Augustino alikuwa Mwafrika. Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo na mtu wa sala. Alipokuwa na umri wa miaka 16, Augustino na vijana wenzake walikwenda usiku kwenye mti wa mapea usio wao, wakayaiba, wakawatupia nguruwe. Hawakuwa na njaa, na nyumbani alikuwa na mapea mazuri kuliko hayo. Alipokuwa mtu mzima, jambo hili dogo lilimtisha, kwa maana hakuona faida yoyote aliyoitafuta ila kufurahia lililokatazwa.

Akaenda Karthago kusoma. Huko aliishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto wa kiume, Adeodatus. Huko pia aliwafuata wafuasi wa Mani, akakaa nao kama miaka 9. Hao walifundisha kwamba tangu mwanzo zipo enzi mbili, ya nuru na ya giza, nazo zapigana. Na mtu atendapo dhambi, si yeye atendaye bali ni giza lililo ndani yake. Fundisho hili lilimpendeza, maana lilimwondolea lawama. Nasi tusimcheke. Ni mara ngapi tumesema kwamba shetani alitupitia, tukadhani tumekwisha kutubu?

Mwaka 383 aliazimia kwenda Roma kufundisha. Monika alimfuata mpaka pwani, akamshika asiondoke. Augustino akamdanganya kwamba yuko na rafiki anayengoja upepo, na hataki kumwacha mpaka asafiri. Mama akakubali kulala katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriano karibu na bandari, akamwomba Mungu kwa machozi amzuie mwanawe. Usiku ule ule merikebu ikatweka tanga. Asubuhi mama alikuwa peke yake pwani, akilia.

Twaweza kudhani kwamba Mungu hakumsikia. Lakini kutoka Roma Augustino alipata kazi Milan mwaka 384, na huko akamsikia Askofu Ambrosi akihubiri. Polepole akatambua kwamba uovu si mungu wa pili, wala si kitu kilichoumbwa. Vyote alivyoviumba Mungu ni vyema. Uovu ni wema uliopungua, kama ugonjwa ulivyo kupungukiwa na afya. Na dhambi ni nia ya mtu mwenyewe kumwacha Mungu na kugeukia vilivyo chini yake. Basi hakubaki na mtu wa kumsingizia.

Hata hivyo, kujua hakukumfanya mtu mpya. Alipotafutiwa mchumba, yule mama wa mtoto wake alirudishwa Afrika, na mtoto akabaki na baba. Kisha Augustino, kwa kushindwa kungoja harusi, akachukua mwanamke mwingine. Nia yake ilikuwa imefungwa, naye hakuweza kuifungua. Mwaka 386, akilia bustanini, alisikia sauti kama ya mtoto ikimhimiza kusoma. Akafungua Waraka kwa Warumi, mlango wa 13, na moyo wake ukageuka. Pasaka ya mwaka 387 alibatizwa na Ambrosi, pamoja na Adeodatus. Monika, aliyekuwa amevuka bahari kumfuata, aliyaona hayo kabla ya kufariki mwaka huo huo huko Ostia.

Hapa ndipo tunapojifunza. Uongo wa Karthago ulikuwa wa Augustino. Mungu hakuuamuru, wala haukugeuka kuwa wema. Lakini haukutoka mkononi mwa Mungu. Kwa safari ile ile aliyoiomba izuiwe, Monika alipewa alichokililia miaka mingi. Ndivyo ilivyokuwa Msalabani: waliomsulibisha Bwana wetu walitenda dhambi kweli, na kwa Msalaba huo Mungu alituokoa.

Augustino alirudi Afrika mwaka 388, akapewa upadre huko Hippo mwaka 391, na baada ya miaka michache uaskofu. Mji wa Roma ulipotekwa mwaka 410, watu wakauliza Mungu alikuwa wapi, aliandika vitabu 22 juu ya Mji wa Mungu, akavimaliza mwaka 426. Mwaka 430 Wavandali wakauzingira Hippo. Askofu, mzee wa miaka 75, alikuwa kitandani mgonjwa. Aliagiza Zaburi za toba ziandikwe na kutundikwa ukutani, akazisoma akilia. Adui walikuwa nje ya lango, naye aliziungama dhambi zake mwenyewe. Akafariki tarehe 28 Agosti, mji ungali umezingirwa.

Ndugu wasomaji, hatutajibiwa kila swali tunaloliuliza penye msiba. Lakini penye dhambi zetu jibu tunalo. Tusimtwike Mungu uovu wetu, wala tusimpe shetani enzi isiyo yake. Tuseme kwamba ni sisi tuliokosa, kisha tumwachie Mungu, awezaye kutoa wema hata katika yale tuliyoyaharibu.