Gonzalo Aguirre Beltrán: Daktari aliyeitafuta Afrika katika pwani ya Meksiko

Kwa miaka mingi Meksiko ilijieleza kuwa taifa lenye wazazi wawili tu: wenyeji wa asili na Wahispania. Mzazi wa tatu, Mwafrika aliyeletwa kwa minyororo, hakutajwa. Aliyemrudisha katika historia ya nchi hiyo alikuwa Gonzalo Aguirre Beltrán, tabibu aliyegeuka kuwa mwanaanthropolojia.

Alizaliwa mwaka 1908 huko Tlacotalpan, mji mdogo ulio kando ya mto Papaloapan katika jimbo la Veracruz, upande wa Ghuba ya Meksiko. Alisomea udaktari katika mji mkuu, kisha akarejea jimboni kwake kuwatibu wakazi wa Huatusco. Huko alivutiwa na migogoro ya ardhi ya wenyeji wa asili, na mwaka 1940 akachapisha kitabu juu ya historia yao.

Kazi hiyo ilimfikisha kwa mwanaanthropolojia Manuel Gamio, aliyempa jukumu la kuwachunguza watu weusi wa Meksiko. Aguirre Beltrán alijifungia katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, akapekua hati za mauzo ya watumwa na kesi za mahakama ya kidini ya Wahispania. Baadaye alikwenda Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Northwestern chini ya Melville Herskovits, bingwa wa tamaduni za Waafrika wa ng'ambo.

Mwaka 1946 alitoa kitabu chake kuhusu watu weusi wa Meksiko. Kwa makadirio yake, mwaka 1570 koloni hilo lilikuwa na Waafrika 20,569, ilhali Wazungu walikuwa 6,644 tu. Wengi wa watumwa walitoka Afrika Magharibi, Kongo na Angola. Lakini wapo waliochukuliwa Msumbiji, wakavushwa Bahari ya Hindi hadi Manila, kisha wakapakiwa merikebuni kwenda Acapulco.

Hata hivyo, nyaraka zinazungumza juu ya waliokufa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Aguirre Beltrán alikwenda kuwatafuta walio hai huko Cuajinicuilapa, mji mdogo wa Costa Chica, ukanda wa pwani ya Pasifiki katika jimbo la Guerrero. Wenyewe waliuita kwa kifupi Cuijla. Wakazi wake ni wazao wa watumwa waliochunga ng'ombe wa mabwana wa Kihispania, na wa watoro waliojificha katika nyika za pwani hiyo.

Hakutafuta mahekalu wala makaburi ya wafalme. Alitazama mambo ya kila siku. Aliona nyumba za msonge zenye kuta za miti na udongo na mapaa ya nyasi, akazihusisha na ujenzi wa Wabantu. Aliona wanawake wakijitwika mizigo kichwani, na akina mama wakiwabeba watoto ubavuni, juu ya nyonga. Alisikiliza imani kwamba kivuli cha mtu huweza kumtoka na kumwacha mgonjwa mpaka mganga akirudishe. Aliandika pia kuhusu vijana waliotoroka na wachumba wao hadi porini, ndipo wazee wakakutana kupatanisha jamaa hizo mbili. Yote hayo yalichapishwa mwaka 1958 katika kitabu alichokiita Cuijla.

Aguirre Beltrán aliendelea kupanda vyeo. Alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Veracruz, mbunge, na katika miaka ya 1970 akaiongoza taasisi ya serikali iliyoshughulikia wenyeji wa asili. Alifariki dunia mwaka 1996.

Urithi wake, hata hivyo, una pande mbili. Aguirre Beltrán aliamini kwamba weusi wa Meksiko walikuwa wakichanganyika na wenzao, na kwamba mwisho wake wangeyeyuka ndani ya taifa moja la machotara. Kwake yeye, Cuijla lilikuwa baki la jambo linalopita. Wapinzani wake walisema fikra hiyo iliisaidia serikali kuwasahau watu aliokuwa amewagundua upya.

Watu wa pwani hawakuyeyuka. Kila Novemba, siku za kuwakumbuka wafu, wanaume wa Costa Chica huvaa vinyago vyenye pembe na ndevu za singa za farasi, wakacheza ngoma ya mashetani kwa mlio wa taya la mnyama. Huko San Nicolás, jirani na Cuajinicuilapa, watu hucheza juu ya gogo lililochongwa na kufudikizwa kama mtumbwi. Mwaka 1997 vijiji vya watu weusi vilifanya mkutano wao wa kwanza huko El Ciruelo, jimboni Oaxaca, wakaanza kudai kutambuliwa.

Madai yao yalijibiwa mwaka 2019, katiba ya Meksiko ilipowatambua rasmi. Katika sensa ya mwaka 2020 zaidi ya watu milioni 2.5 walijitaja kuwa wenye asili ya Afrika. Cuajinicuilapa leo ina makumbusho ya historia yao, na jina lake linabeba neno afromestizo, ambalo Aguirre Beltrán mwenyewe alilieneza. Daktari alikosea kuhusu mwisho wa safari yao. Lakini bila karatasi alizozifukua, wangekuwa na ushahidi mchache zaidi wa mahali ilipoanzia.