Daktari wa Everest na Foleni ya Neyyoor

Sisi wa Likoni na Changamwe tunaishi usawa wa bahari, pumzi hatuihesabu. Kileleni Everest hewa imebaki kama theluthi moja ya hii yetu. Mwaka 1922 Howard Somervell, daktari mpasuaji kutoka Uingereza, alipita mita 8,200 huko pamoja na Mallory na Norton, bila mtungi wa oksijeni. Hakuna aliyekuwa amewahi kufika juu hivyo.

Juni 7, wakipanda tena na wapagazi, theluji ikaporomoka. Wapagazi saba wakafa. Wazungu wote wakatoka wazima, na hilo ndilo lilimuuma Somervell: alitamani hata mmoja wao angekufa pamoja na wale saba.

Kabla ya kurudi kwao alizunguka India, akafika hospitali ya misheni ya Neyyoor, kusini. Akakuta foleni ndefu ya wagonjwa na mpasuaji mmoja tu, amechoka hoi. London njia ya kipato kizuri ilikuwa wazi. Akaiacha. Mimi niliyesomea biashara nakwambia, kwenye karatasi hesabu hiyo haikubali.

Alipopanda tena 1924 alikuwa tayari mmishenari wa Neyyoor. Karibu mita 7,000 alikusanya pumzi za wapandaji ili zipimwe, ijulikane mwili unafanyaje hewa ikipungua.

Kisha wapagazi wanne wakakwama North Col, theluji mbaya kama ile ya 1922. Somervell, Norton na Mallory wakawaendea, wenyewe wanakohoa. Somervell akatangulia kwenye mteremko, kamba kiunoni. Kamba ikaisha kabla hajawafikia. Wawili wakateleza, wakasimama karibu na ukingo. Si mchezo! Akaifungua kamba yake, akaizungusha kwenye shoka la barafu, akashika ncha kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akawadaka kwa kola, mmoja mmoja. Wote wanne walishuka hai.

Wiki mbili hazijaisha, akiwa anashuka kutoka juu kabisa na Norton, ngozi ya ndani ya koo, iliyoharibiwa na baridi, ikabanduka ikaziba hewa. Norton alikuwa mbele, akadhani mwenzake amebaki kuchora picha, maana alipenda kuchora. Somervell akaketi kwenye theluji angoje kufa. Akajisukuma kifua kwa mikono miwili mara ya mwisho, kikatoka. Akapumua.

Alirudi Neyyoor, akapasua wagonjwa miaka zaidi ya ishirini, halafu akafundisha madaktari Vellore hadi 1961. Alifariki 1975.