Pindua chombo usome jina, kisha uliza ni la nani: Maisha ya Louis Comfort Tiffany

Kama unaishi Kitengela, bila shaka umesikia kuhusu Kitengela Glass, ile karakana iliyoanzishwa na msanii Nani Croze kando ya Mbuga ya Nairobi. Pale vipande vya madirisha na chupa zilizotupwa huyeyushwa, zikageuka glasi, shanga na vioo vya rangi. Ukikutana na glasi kama hiyo sokoni, utajuaje imetoka wapi? Utaipindua utazame chini. Kila mtu hufanya hivyo. Tunatafuta jina.

Duniani, kwa vioo vya rangi vya zamani, jina linalotafutwa zaidi ni Tiffany. Hebu nikusimulie mwenye jina hilo, kwa sababu maisha yake yatakufanya uangalie hiyo sahihi kwa jicho jingine.

Louis Comfort Tiffany alizaliwa New York tarehe 18 Februari 1848. Babake, Charles, alikuwa mwanzilishi mwenza wa Tiffany & Co., duka la vito la matajiri. Kijana alitengewa kiti tayari, lakini yeye akakikataa. Alitaka kuchora. Akiwa na miaka 20 na kitu alizunguka Afrika Kaskazini, akarudi amelewa rangi za kule. Baadaye akahamia kwenye kioo.

Wakati huo madirisha mengi ya kanisa yalikuwa kioo cheupe kilichopakwa rangi juu. Tiffany alitaka rangi iwe ndani ya kioo chenyewe, ichanganyike kikiwa bado uji wa moto. Mwaka 1881 alipata hataza ya kioo cha aina hiyo, ingawa mpinzani wake John La Farge alikuwa amemtangulia kwa hataza yake mwaka 1880. Wawili hao hawakupikika chungu kimoja tena.

Mwaka 1882 Rais Chester Arthur alimpa kazi ya kupamba Ikulu ya Marekani. Miaka michache baadaye akawa na kampuni yake ya vioo, kisha tanuri lake mwenyewe huko Corona, Queens. Mwaka 1894 alisajili nembo ya Favrile kwa ajili ya kioo chake, neno lililotoholewa kutoka neno la kale lenye maana ya kazi ya mkono.

Sasa simama hapo kidogo. Kazi ya mkono, sawa. Mkono wa nani?

Tiffany mwenyewe hakuwa mpuliza kioo. Kule tanurini alisimamia Arthur Nash, Mwingereza aliyeijua kazi hiyo nje ndani. Na zile taa za mezani zilizomfanya awe maarufu, zenye kofia za vipande vya kioo vilivyoungwa kwa utepe wa shaba na risasi, nyingi zilipita mikononi mwa idara ya wanawake. Kiongozi wao alikuwa Clara Driscoll, mjane kutoka Ohio. Kanuni ya kampuni ilikuwa kali: mwanamke akiolewa, kazi imeisha. Clara alirudi kazini mwaka 1892 baada ya mumewe kufariki.

Clara ndiye aliyebuni taa ya kereng'ende, iliyopata medali katika Maonyesho ya Paris ya 1900. Taa ya maua ya wisteria, yenye vipande karibu 2,000 vya kioo, ni yake pia. Chini ya taa hizo ukipindua utasoma Tiffany Studios New York. Clara humwoni popote. Mwaka 1909 aliolewa tena, akaondoka, akafariki 1944. Dunia haikumjua.

Tiffany naye alizeeka vibaya kibiashara. Mitindo ilibadilika, watu wakaona taa zake ni za kizamani, zingine zikatupwa kama takataka. Kampuni yake ilifilisika 1932. Alifariki tarehe 17 Januari 1933.

Halafu upepo ukageuka. Wakusanyaji wakaanza kuzitafuta tena, na mwaka 1997 taa moja ya maua ya yungiyungi iliuzwa mnadani kwa dola milioni 2.8. Matapeli nao waliamka. Muhuri wa jina unaweza kugongwa kwenye taa yoyote, na herufi L.C.T. zinaweza kuchorwa chini ya chombo chochote. Isitoshe, Loetz ya kule Bohemia na Steuben ya New York zilitoa vioo vinavyong'aa vikifanana sana na vyake. Kwa hivyo wajuzi hawaamini jina pekee. Wanainua kioo kwenye mwanga waone rangi inavyobadilika ndani ya kipande kimoja. Wanakagua viungo, uzito na uchakavu wa kitako. Jina wanalisoma, lakini haliwatoshi.

Na Clara? Aliokolewa na barua. Alikuwa akiwaandikia mamake na dadake habari za kazini: leo nimebuni hiki, leo tumegombana kwa kile. Watafiti walizipata na kuzisoma pamoja karne moja baadaye, na mwaka 2007 jumba la makumbusho la historia jijini New York likafanya maonyesho kumpa heshima yake na wasichana wenzake. Karibu miaka 100, bana, ndipo taa zikapata mwenyewe.

Simsemi Tiffany vibaya. Alikuwa na jicho, alikuwa na pesa, na aliwapa wanawake kazi wakati wengi waliwafungia mlango. Bila yeye hakuna karakana. Lakini muhuri ulimtaja mwenye karakana tu, na sisi tukaamini umemtaja fundi.

Sasa nenda Kajiado mjini, Bisil au Namanga. Shanga nyingi wanazotumia akina mama pale ni vioo kutoka Jamhuri ya Cheki. Mkufu wenyewe, yaani mpangilio wa rangi na maana yake, ni kazi ya mama fulani mwenye jina. Ukifika dukani Nairobi, mkufu unaandikwa tu kuwa wa Kimaasai. Miaka 100 ijayo mtu ataupindua atafute aliyeutengeneza, na hakuna barua.

Kwa hivyo ukinunua, muulize mama jina lake na mahali anapotoka, uandike kwenye karatasi uiweke pamoja na mkufu. Na wewe unayechorea watu nembo, unayeshona au kuchomelea mageti huko Kitengela, weka jina lako kwenye kazi. Mteja akikataa, basi weka tarehe, picha na michoro yako ya kwanza. Clara aliokolewa na barua zake.