Mnywa Sere, Mtemi Asiye na Ikulu

Katika historia ya Unyamwezi jina la Mirambo hutajwa na kila mtu, hata na watoto wa shule. Jina la Mnywa Sere, aliyemtangulia, hutajwa kwa nadra, na tena mara nyingi katika maneno ya adui zake. Nasi twaona yampasa kukumbukwa, kwa kuwa ndiye mtemi aliyefukuzwa nchini mwake akaendelea kudai utemi wake porini muda wa miaka kadhaa.

Unyanyembe ndiyo nchi ya Tabora. Hapo ndipo njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilipogawanyika: moja yaenda Ujiji, nyingine yaelekea kaskazini hata Karagwe na Buganda. Waarabu wa Unguja na Oman walijenga matembe yao pale Kazeh wakaweka ghala za pembe, nguo, shanga na baruti. Mtemi Fundikira aliwakaribisha bila kuwatoza kodi. Alifariki mnamo 1858, akarithiwa na Mnywa Sere.

Mtemi mpya aliamua kwamba bidhaa za wafanyabiashara hao zitozwe kodi. Je, lilikuwa jambo la ajabu? Wagogo walitoza hongo kila msafara uliopita kwao, na Waarabu walilipa, wakinung'unika. Lakini kulipa hapo Tabora, ambapo walikwisha kujiona wenyeji, hawakukubali. Wakatafuta ndani ya ukoo wa watemi mtu mwingine, wakampata Mkasiwa. Kwa bunduki zao wakamtoa Mnywa Sere, wakamkalisha huyo katika kiti. Mkasiwa hakudai kodi.

Ndipo ilipoanza serikali ile ya ukimbizini. Haikuwa na boma wala hazina. Ilikuwa na mtemi, watu wake wachache wenye magobori, na marafiki hapa na pale kandokando ya njia hata Ugogo. Silaha yake kubwa ilikuwa njia yenyewe. Msafara usipopita, pembe hazifiki pwani, na nguo hazifiki Tabora. Mwaka 1861 Waarabu walimfuata hata Ugogo, na huko Snay bin Amir, mmoja wa wakubwa wao, aliyewapokea Burton na Speke mwaka 1857, akauawa.

Mwezi Januari wa mwaka huo huo Speke, safarini pamoja na Grant kutafuta chanzo cha mto Nile, alikutana na Mnywa Sere mashariki ya Tabora. Mtemi alimweleza mashtaka yake, akamwomba awapatanishe. Speke alijaribu kweli, na Musa Mzuri, tajiri wa Kihindi, naye alitaka amani. Mapatano yalishindikana. Mnywa Sere alitaka nchi yake, na nchi haikuweza kuwa na watemi wawili. Wala Waarabu, wakiisha kumweka mtu wao, wangemtoaje bila kuaibika?

Asidhaniwe kuwa alikuwa mtetezi wa watumwa. Ugomvi wake ulikuwa wa kodi na wa haki ya kutawala, na walioumia zaidi katika vita hivyo ni watu wa vijijini na wapagazi, ambao hawakuulizwa na upande wo wote. Hata hivyo katika shina la jambo tunamwona kuwa na haki. Mgeni akipata uwezo wa kuchagua mtemi kwa sababu yule wa kwanza amemtoza kodi, basi utemi umekwisha kuwa mali yake.

Mwaka 1865 alishikwa na watu wa Mkasiwa, akakatwa kichwa. Wafanyabiashara walidhani sasa njia ni salama. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo akaifunga tena, na safari hii Stanley mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotoka Tabora kwenda kumpiga, wakarudi mbio.